Sindano ya kuzalisha haijui tarehe

Mvua za vuli zikishaanza, simu ya namna hii hainipiti: "Daktari, ng'ombe wangu kapitiliza, njoo umchome ya kumzalisha." Nami huuliza jambo moja tu: alipandwa lini? Kimya kidogo. Kisha, "Ilikuwa kama tunapalilia pamba hivi." Basi sindano hubaki kwenye begi.

Ng'ombe hubeba mimba siku 283 kwa wastani, na hawa zebu wetu hufika hata 290 bila shida yoyote. Usipokuwa na tarehe, huwezi kujua kama kapitiliza kweli au ni wewe tu umechoka kusubiri.

Sindano yenyewe ipo na inafanya kazi. Kwa kawaida ndama ndiye huanzisha uchungu, kwa homoni ya mwili wake. Dawa ya deksamethasoni huiga homoni hiyo, na ile ya prostaglandini huondoa kile kinachoishikilia mimba. Ng'ombe aliyekaribia siku zake huzaa ndani ya saa 24 hadi 72. Akichomwa zaidi ya wiki mbili kabla ya wakati, ndama hutoka mapafu hayajakomaa. Hata ukichoma kwa tarehe sahihi, mara nyingi kondo la nyuma hugoma kutoka. Tena deksamethasoni hushusha kinga ya mwili, na huku kwetu ndigana, ugonjwa wa kupe, haiko mbali. Sindano ya kuzalisha mimi huikubali kwa sababu chache: mtamba mdogo aliyehimilishwa kwa mbegu ya dume kubwa na tarehe ipo daftarini, au ndama aliyefia tumboni. Daktari wa mifugo ndiye achome, si kijana wa duka la dawa. Na prostaglandini hupenya kwenye ngozi, kwa hiyo mama mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike kabisa.

Wakati wa kuzaa hupangwa siku ya kupandisha. Fahali akiingia kundini tarehe 15 Januari na kutolewa 15 Aprili, ndama wataanguka kati ya mwisho wa Oktoba na mwisho wa Januari, nyasi zikiwa zinachipua na mama akiwa na maziwa. Najua, huku Mwanza, wilaya za Misungwi na Magu, ng'ombe huchungwa pamoja, na fahali wa jirani hana kalenda. Angalau andika siku uliyomwona akipanda. Mkaa kwenye nguzo ya zizi unatosha, ila mvua hufuta. Daftari ni bora.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui ni la saa. Mfugaji wa Kanada, Gus Konefal wa Manitoba, alikuwa akiwalisha ng'ombe wake usiku, akaona wengi wanazaa mchana. Baadaye Iowa, Marekani, walifuatilia ng'ombe 1,331 katika mashamba 15, wakilishwa mara moja kwa siku, jioni giza likiingia. Asilimia 85 walizaa kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Inadhaniwa ni kwa sababu tumbo la kwanza hutulia uchungu unapokaribia, na chakula cha jioni hulifanya lihangaike usiku, hivyo uchungu husubiri mchana.

Sisi tunafanya kinyume: tunachunga mchana kutwa, jioni tunawafunga zizini bila chakula. Mwezi wa mwisho wa mimba watenge wenye mimba kubwa, wachunge muda mfupi, kisha saa 12 jioni wape mabua ya mahindi au majani ya mpunga, na mashudu ya pamba kidogo ukiyapata. Kama una ngitili, yaani malisho uliyoyatenga kwa kiangazi, na iko karibu na nyumbani, hapo ndipo pa kuwalisha. Si wote watakaokutii, lakini kuvuta ndama saa 8 usiku kwa tochi ya simu, fisi wanalia si mbali, ni kazi ninayoichukia, na wewe pia.

Kichupa, ule mfuko wa maji ya uzazi, kikitokeza, ng'ombe mzoefu mpe saa moja. Kama hakuna kinachosogea, ita msaada. Ndama anyonye dang'a ndani ya saa mbili za kwanza. Kondo lisipotoka saa 12 baada ya kuzaa, usilivute wala usilifunge jiwe ili lijivute lenyewe. Nipigie.