Mandari ya Pwani: Namna ya Kurudi na Sufuria Lako

Sufuria langu la pilau, lile la watu 20, limewahi kusafiri baharini peke yake. Nilikuwa nimejilaza kivulini pale ufuko wa Mwambani, hapa Tanga, tumbo limeshiba, nikasikia watoto wanashangilia kama wako kwenye mashindano ya ngarawa. Nikafumbua jicho moja. Sufuria linaelea, linakwenda zake, na ukingoni kasimama kunguru mmoja kama nahodha.

Tangu siku hiyo, ndugu zangu wakitaka kwenda mandari hunipigia simu mimi kwanza. Haya ndiyo ninayowaambia.

Anza na mwezi, mchele baadaye. Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani, kazi imekwisha. Mwezi unapoandama, na unapofika tarehe 14 na 15, ni bamvua: maji hutoka mbali na hurudi kwa wingi, na hapa Tanga tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Siku hizo bahari hukauka kwenye saa 4 asubuhi na hujaa kwenye saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ukifika tarehe 7 au 8, na tena 22, ni maji mafu: asubuhi ya saa 4 ndipo yanapojaa, ila hayapandi sana wala hayatoki mbali. Mwenye watoto wadogo na achague siku hizo.

Sisi siku ile ya Mwambani tulikwenda tarehe 15. Saa 4 asubuhi mchanga ulikuwa mpana kama uwanja wa Mkwakwani. Wifi yangu, mzaliwa wa Dodoma, akasema tutandike mikeka kule mbele kabisa, upepo ni mzuri. Simlaumu. Mimi mtoto wa Ngamiani, niliyekulia kwenye harufu ya ngisi, ndiye niliyebeba mkeka wa kwanza.

Kosa la wengi ni kudhani maji yatakuja kwa mbele, yanapiga hodi na mawimbi. Maji ya bamvua huingia kimya kimya kwa vijito, yanapita kwenye mabonde ya mchanga, yanakuzunguka kwa nyuma, nawe bado unaitazama bahari ukisema iko mbali. Kwa hiyo ukifika, tafuta ule mstari wa majani makavu ya bahari juu ya mchanga. Hapo ndipo maji yalipoishia mara ya mwisho. Kaa upande wa nchi kavu, hesabu hatua kumi kutoka kwenye mstari, ndipo utandike. Na kama mmekwenda Pangani kutembelea kisiwa cha Maziwe, usihangaike kuutafuta mstari huo: maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Wazee wa kule wanakumbuka kilipokuwa na mivinje, sasa ni fungu la mchanga tu. Nahodha akisema tuondoke, inuka na tonge mdomoni.

Basi, sufuria. Shemeji alilikimbilia na suruali yake ya Ijumaa, maji magotini, halafu kiunoni, halafu akakanyaga shimo. Akaibuka kalishika mkono mmoja, nalo limelala ubavu, pilau limeonja bahari. Tulikula la juu. Mjomba akasema halijawahi kukolea chumvi vizuri namna ile, nami hadi leo sijajua kama ulikuwa utani.

Sasa kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wengine wakafika huku bara. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini hawa walikuja na wakajenga. Wanafanya kazi wawiliwawili: mmoja anatua mbele yako anachechemea kama mgonjwa, unamhurumia, mwenzake anapita nyuma na chapati. Usimrushie hata mmoja kipande, maana dakika tano baadaye ana wageni arobaini. Kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusuka, peke yake haitoshi, wanaijua, wanaiingiza mdomo na kuipindua. Weka jiwe juu ya kawa. Sufuria lifunike kwa mfuniko wake, kisha lifunge kwa kanga, fundo kwa juu. Samaki wa kukaanga watoe mwisho, na mwenye kugawa agawe akiwa amesimama. Ukimpa kazi ya ulinzi mtoto wa miaka minane mwenye manati, hakikisha hana rafiki karibu, la sivyo watakwenda kuogelea.

Tumbili sitawaeleza sana. Tulikwenda mapango ya Amboni, tukakaa kando ya mto, nikaweka mkoba wazi. Machungwa ya Muheza sita yalipanda mtini, na maganda tukarudishiwa kichwani. Zipu ifungwe, basi.

Chombo ndicho chenye aibu kubwa zaidi, kwa sababu pana watazamaji. Mwaka juzi tulikodi mashua kwenda kisiwa cha Toten, pale mbele ya mji. Shemeji yuleyule akaweka mguu mmoja ndani na mwingine akauacha kwenye ngazi ya gati, akasimama hivyo akijibu simu. Mashua haikumsubiri amalize. Kwa hiyo: mizigo itangulie, apokee aliyekwisha kukaa, kisha wewe, mikono miwili mitupu, mguu katikati ya chombo, na ukae palepale. Simu, chaji na nguo kavu ziingie kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kusema kweli ndoo ni bora: inaelea, na ukifika ni kiti.

Jaketi okozi livae kabla hujaketi. Likiwa limekaliwa halimwokoi mtu. Pomboo wakitokea upande wa kulia, msihamie nyote upande wa kulia. Chombo kikipinduka kweli, usianze kuogelea kuelekea mjini hata kama unauona msikiti. Shikilia chombo, mbao huelea, na wavuvi watawaona. Nauli patana ya kwenda na kurudi, ulipe nusu tu. Sisi tulilipa yote, tukarudi magharibi na ngarawa ya mvuvi, tumekalia nyavu, nanuka samaki changu mpaka Jumatatu.

Na usisahau kuhesabu vyombo kabla ya kuondoka. Siku ile ya Mwambani nilihesabu sahani, vijiko, watoto, vyote kamili, kasoro kawa yangu ya ukindu yenye shada jekundu juu. Ilikuwa wakati wa upepo wa kusi, maji yanasukuma kwenda kaskazini. Wiki iliyofuata niliikuta Sahare imefunikia beseni la dagaa la mama mmoja, na juu yake kaweka jiwe. Nikanunua dagaa wa elfu mbili, sikusema kitu.