Kuchambua shairi: hesabu kwanza, tamathali baadaye

Wanafunzi wengi wakipewa shairi hukimbilia tamathali za usemi, yaani lugha ya picha. Anza na umbo, kwa sababu huko jibu huhesabika. Tuchukue mishororo, yaani mistari, hii miwili:

Mvua yanyesha sana, na wingu limeinama,
Mito yote yaungana, kwa kishindo yanguruma.

Koma hugawa kila mshororo vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili utao. Sasa hesabu mizani, yaani silabi: m-vu-a-ya-nye-sha-sa-na, nane. Utao nao nane, jumla 16. Makosa huzuka kwenye "m" na "n" zinazosimama peke yake: "mvua" ni mizani tatu, si mbili, "nchi" ni mbili. Lakini "ndugu" ni mbili tu, maana "ndu" hutamkwa kwa mkupuo mmoja. Ukisitasita, tamka polepole; usitegemee macho.

Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande: vya kati hapa ni "na", vya mwisho "ma". Usiamue bahari, yaani aina ya shairi, kwa ubeti (kifungu cha mishororo) mmoja. Vina vya kati na vya mwisho visipobadilika shairi zima, ni mtiririko. Vya aina moja vikidumu na vingine vikibadilika, ukara. Vyote vikibadilika ubeti hadi ubeti, ukaraguni. Mshororo wa mwisho ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Ukibadilika ni kimalizio, na hapa ndipo alama hupotea bure. Idadi ya mishororo katika ubeti ni rahisi: mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa.

Uhuru wa mshairi unahitaji tahadhari. "Mekuja" badala ya "amekuja" ni inksari, kwani neno limefupishwa ili mizani itoshe. Likirefushwa ni mazda. "Yanyesha" hapo juu si inksari, ingawa imeokoa mizani moja ambayo "inanyesha" ingeizidisha: ni umbo kamili la wakati uliopo.

Sasa tamathali. Wingu "limeinama" kama binadamu, hivyo ni tashihisi. Tashbihi hulinganisha waziwazi kwa "kama", "mithili ya" au "ja". Sitiari hukiita kitu kwa jina la kingine bila kiunganishi. Si kila "kama" ni tashbihi, lakini: "kama wataka, njoo" ni sharti tu. Takriri, yaani kurudiarudia neno, nayo lazima iwe na kazi. Viunganishi vinavyojirudia kwa kawaida ya lugha havihesabiwi.

Kila unapotaja mbinu, andika mambo matatu: jina lake, maneno yenyewe kutoka kwenye shairi, na athari yake. Kwa mfano: "Yanguruma" ni taswira ya sauti, inamfanya msomaji asikie mafuriko kabla hajayaona, na kuyapa maji nguvu ya kutisha. "Inapamba shairi" si athari. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote, na msahihishaji analijua hilo.