Somo: Namna ya kumchambua mwigizaji jukwaani

Katika kazi za wanafunzi ninazosahihisha, sentensi inayojirudia kuliko zote ni hii: "Mwigizaji alitumia sauti vizuri na mwili wake ulionyesha huzuni." Sarufi haina kosa, ila haisemi kitu. Vizuri vipi? Huzuni uliionea wapi, mabegani au miguuni?

Tutumie *Kinjeketile*, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Mhusika wake mkuu anamtaka mwigizaji awe watu wawili ndani ya mwili mmoja.

Hatua ya 1. Chagua dakika mbili tu, pale mhusika anapobadilika. Kwetu ni pale Kinjeketile, baada ya kutoka mtoni, anapowahutubia watu akiwa amepagawa, kisha anazinduka.

Hatua ya 2. Andika ulichokiona kabla ya kukipa maana. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja weka ya mwili: uzito uko mguu gani, mabega, shingo, viganja, macho yanatazama wapi. Upande wa pili ya sauti: kiimbo (kupanda na kushuka kwa sauti), kasi, mkazo, vituo, pumzi. Neno "hasira" au "huzuni" lisionekane hapa.

Kuna onyesho moja la wanafunzi sijalisahau. Kijana aliyeigiza Kinjeketile alipopagawa hakupepesa macho. Magoti yalikaza, na sauti ikatoka kifuani kwa kasi ileile, bila kituo. Alipofika kwenye maneno kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani chini ya Sultani wa Zanzibar, sauti haikubadilika hata chembe. Wengi wangeitetemesha hapo. Alipozinduka, magoti yalilegea kwanza, mabega yakafuata, na sauti ikarudi nyembamba, ikikatikakatika kama ya mtu aliyeamshwa usiku.

Hatua ya 3. Sasa jiulize: asingefanya hivyo, hadhira ingekosa nini? Sauti ingetetemeka, tungeona mtu mwenye shaka na anachosema. Kwa kuwa ilitulia, tuliona kinywa kilichoazimwa. Ndiyo maana hofu yake, alipoyatambua maneno yake mwenyewe, ilitupata na sisi.

Hatua ya 4. Watazame wanaosikiliza. Kitunda, mmoja wa wahusika wanaomsikiliza Kinjeketile, akirudi nyuma hata nusu hatua, amekwisha kutuambia Kinjeketile ni nani sasa.

Hatua ya 5. Unganisha tendo, wakati na athari katika sentensi moja: "Anapozinduka, magoti yanalegea kabla hajasema neno, nasi tunaona kwamba nguvu ile haikuwa yake."

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Huku kwetu hakuna ukumbi, nina kitabu tu. Itakuwaje?*

Marahaba. Soma maelekezo ya jukwaani, kisha simama uisome sehemu hiyo kwa sauti mara mbili, kila mara kwa kasi tofauti. Andika ipi ilikufaa na kwa nini. Ila usiandike "mwigizaji alifanya" wakati hukumwona. Andika "ningemtaka mwigizaji afanye".

*Maleba (mavazi ya jukwaani) na taa niviweke?*

Pale tu mwigizaji anapovitumia. Shuka lenyewe ni kazi ya mtu wa maleba. Anavyolikunja ngumini ndiyo kazi ya mwigizaji.

*Mwalimu, nilikaa nyuma kabisa na mhusika aliongea kwa sauti ya chini, sikusikia kitu. Nimsifu kwa kuonyesha siri?*

Hapana. Tofautisha sauti nzito na sauti ndogo. Nzito, yaani iliyoshuka kiimbo, inaweza kufika mstari wa mwisho ikiwa pumzi inaibeba. Hata mnong'ono wa jukwaani hufika, kwa sababu mwigizaji hutamka konsonanti kwa nguvu. Ikiwa hukusikia, liandike hivyohivyo, na utaje ulikokaa.