Namna ya kuandika maoni ya bidhaa yatakayomfaa mnunuzi wa Mtwara na Lindi

"Nzuri sana, nunueni" hayamsaidii mtu. Mnunuzi aliye Nachingwea na hela yake mkononi anataka kujua jagi la umeme linachemsha kwa dakika ngapi, feni ya chaji inafika alfajiri au inazima saa sita usiku, riwaya imechapwa vizuri au kurasa zinachomoka. Maoni yenye faida hutaja hali ya matumizi: wapi, kwa muda gani, kwa umeme gani, kwa maji gani. Huku kusini jambo hili lina uzito wake. Sufuria inayosifiwa na mtu wa Njombe haijaonja hewa ya chumvi ya Mikindani.

Kabla ya kusifu au kulalamika, andika kwanza hiyo bidhaa ni ipi hasa. Nakili namba ya modeli kutoka kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya chombo chenyewe, maana boksi laweza kuwa la modeli nyingine. Taja bei na mwezi ulionunua, kama ulichukua dukani au uliagiza Dar, na nyumba yenu ina watu wangapi. Blenda inayosaga juisi ya watu wawili Jumapili na blenda inayosaga nazi na viungo kila siku kwa watu tisa ni mizigo miwili tofauti, hata kama zimetoka kiwanda kimoja.

Halafu kuna suala la wakati. Vitu vingi vya ndani hununuliwa huku kati ya Oktoba na Desemba, hela ya korosho inapoingia. Maoni yanayoandikwa wiki hiyohiyo yanaeleza boksi, rangi na furaha ya kitu kipya tu. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na unyevunyevu wa miezi hiyo ndio unaoonyesha kutu kwenye skrubu, swichi zinazogoma na spika zinazokoroma. Kwa hiyo andika mara mbili: wiki ya kwanza, kisha mvua zikikatika. Maoni ya pili ndiyo yenye thamani, na ndiyo watu wengi wanayasahau.

Sasa vipimo. Chukua jagi la umeme, chombo kinacholaumiwa sana. Jaza maji kwa chupa ya lita 1.5 ili kiasi kiwe na uhakika, washa, na pima kwa saa ya simu mpaka lijizime. Jagi la wati 2000 linatakiwa kuchemsha maji hayo, yakiwa ya kawaida ya bombani, kwa dakika nne hadi tano. Likichukua dakika sita au saba, usikimbilie kuandika kwamba wati zake ni za uongo. Umeme wetu ni wa volti 230, na ukishuka hadi 190 nguvu ya jagi hilo haibaki 2000; inakuwa kama 1370, kwa sababu nguvu hupungua kwa kasi zaidi kuliko volti. Pima tena alfajiri, wakati majirani hawajawasha majiko na pasi. Dakika zikipungua, kosa ni la umeme na jagi halina hatia. Andika vipimo vyote viwili pamoja na saa ulizopima. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi au chokaa, litaje hilo pia, kwa kuwa magamba meupe yakijaa chini jagi huchelewa na huanza kupiga kelele. Chemsha maji yenye ndimu mbili tatu, yaache humo nusu saa, suuza, ndipo upime.

Pawabenki ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Namba kubwa iliyoandikwa nje, tuseme mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, wakati simu inapewa volti 5. Hapo tu inashuka hadi 7,400, na joto la kubadilisha volti linakula sehemu nyingine. Pawabenki ya kweli ya 10,000 hujaza simu yenye betri ya 5,000 mara moja na nusu hivi. Asiyejua hili huandika "nimeibiwa" kwa bidhaa iliyo halali. Namna ya kupima: ijaze pawabenki mpaka mwisho, zima simu iliyobakiwa na asilimia 10, ichaji hadi 100, itumie mpaka ishuke tena 10, rudia mpaka pawabenki ikate. Jumlisha asilimia zote. Kwa simu ya 5,000, jumla ya 140 hadi 170 ni ya pawabenki ya 10,000. Iliyoandikwa 20,000 ikikupa jumla hiyo, imeandikwa uongo, na hapo sema bila woga. Mizani nayo inasaidia hata kabla ya kununua: 30,000 ya kweli ina betri zinazozidi gramu 400 zenyewe tu, bila ganda. Inayouzwa kwa namba hiyo ikiwa nyepesi kama simu haina kilichoandikwa.

Kwa simu, piga *#06# upate namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu hiyo, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, na linganisha jibu na modeli uliyoshika. Jibu likitaja simu nyingine, hilo ndilo liwe sentensi ya kwanza ya maoni yako.

Feni za chaji hulalamikiwa kwamba zinakufa baada ya miezi michache. Nyingi za bei nafuu zina betri ya asidi, na betri hiyo ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa inaharibika kabisa. Kwa hiyo taja mambo matatu: ilikaa saa ngapi ikiwa mpya na kwa kasi ipi, inakaa saa ngapi sasa, na ilikuwa ikirudishwa kwenye chaji mara baada ya kutumika au ilisubiri umeme ukatike tena. Bila hilo la tatu, msomaji hawezi kujua kama feni ni mbovu au ilitunzwa vibaya.

"Gesi ya kampuni fulani inaisha haraka" ni lalamiko la kila mtaa. Lina jibu lake kwenye mizani. Kwenye mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu, na herufi TW karibu yake. Pima mtungi siku unapoletewa, toa namba hiyo, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia. Mtungi mdogo lazima ubakishe kilo 6, ule wa kati kilo 15. Mizani ya muuza samaki inafaa, ilimradi uijaribu kwanza kwa kitu unachojua uzito wake, mfano ndoo yenye lita 10 za maji, ambazo ni kilo 10 ukiondoa ndoo. Kilo zikiwa kamili na gesi bado inawahi kwisha, tazama moto: wa njano unaoacha masizi maana yake hewa haiingii vizuri kwenye bana, na gesi inapotea. Pakaa povu la sabuni kwenye mpira na regileta; mapovu yakifura kuna uvujaji. Funga mtungi na ufungue madirisha kabla ya kufikiria maoni yoyote.

Vyombo vya chuma cha pua, wengi huvijaribu kwa sumaku. Jaribio hilo halitoshi. Chuma cha daraja la 304, ambacho ni kizuri kwa vyombo, hakishiki sumaku, lakini hata 201, ambacho ni cha bei ya chini, kwa kawaida hakishiki, na kwenye hewa ya bahari 201 huota madoa ya kutu mapema zaidi. Tafuta namba iliyogongwa chini, 304 au 18/8 (jina jingine la 304), kisha andika madoa yalianza lini na wapi. Kutu kwenye kiungo cha mpini ni tatizo la kiwanda. Vidoa vidogo kwenye sufuria iliyolazwa na maji ya chumvi usiku kucha vimesababishwa na mtumiaji.

Chupa ya chai: isuuze kwa maji yanayochemka dakika tano, ijaze mpaka juu, funga jioni, fungua ukipita muda wa saa 12, uandike maji yamebaki ya moto kiasi gani. Iliyojazwa nusu hupoa mapema, kwa hiyo usiihukumu kwa jaribio hilo.

Riwaya zinataka mkono mwingine. Sema umesoma hadi wapi. Aliyeishia sura ya tatu ana haki ya kusema imemchosha, lakini aseme ni sura ya tatu. Eleza ni ya aina gani (mapenzi, upelelezi, ya kihistoria), lugha yake ni nzito au nyepesi, na kama inafaa kusomwa na mtoto wa sekondari. Usimtaje muuaji wala ndoa ya mwisho. Ukitaka kugusa kisa, ishia robo ya kwanza ya kitabu. Kisha zungumzia kitabu kama kitu cha kushikwa, maana mtu wa Newala anaagiza bila kukiona: ukubwa wa herufi, gundi ya mgongo, kurasa zilizorukwa. Pitia namba za kurasa zote kabla ya kusema kimekamilika. Wino uliofifia na picha ya jalada yenye ukungu ni dalili za nakala ya wizi. Angalia ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: kwa vitabu vya tangu 2007 ina tarakimu 13, huanza na 978, na kwa vitabu vingi vya Tanzania hufuata 9976 au 9987. Namba ya nyuma isiyofanana na ya ndani ni jambo la kuandika.

Usafiri uandikiwe aya yake. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 za basi au lori, na Mei 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo upande wa Kilwa. Mfuniko wa kioo uliovunjika njiani usiishushie sufuria nyota. Fungua boksi huku simu ikirekodi bila kukatisha, kuanzia gundi ikiwa bado haijabanduliwa. Video hiyo itakusaidia kudai kuliko maneno.

Unaposoma maoni ya wengine, anza na yale ya katikati, yasiyo ya nyota tano wala moja, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo watu hueleza kizuri na kibaya pamoja. Yatilie shaka yanayofanana maneno na kuandikwa siku moja. Tafuta anayeishi pwani: Tanga, Pemba, Kilwa, popote penye chumvi hewani.

Na muuzaji akikubadilishia au akitengeneza, usifute ulichoandika. Ongeza chini yake tarehe, kilichobadilishwa, siku alizochukua, na kama kifaa cha pili kinafanya kazi.