Shada la okidi la bi harusi, hatua kwa hatua

Wateja wengi huniambia okidi ni ua la kudeka. Mimi naona waridi ndilo linalodeka: likikosa maji mchana mmoja wa Dar es Salaam, shingo inainama. Okidi aina ya Phalaenopsis, ile yenye petali pana kama mabawa ya nondo, hustahimili bila maji kutoka saluni mpaka keki inapokatwa. Inachoogopa ni baridi ya friji, matunda yanayoiva na vidole vyetu.

Hapa naeleza shada moja la kuning'inia.

Hatua ya 1: kununua. Nachukua mashina 3 ya Phalaenopsis nyeupe, na 5 ya Dendrobium ya kujazia, zile ndogondogo ambazo nyingi huja kwa ndege kutoka Thailand. Zinunue siku mbili kabla ya harusi. Maua ya okidi hufunguka kuanzia chini ya shina kwenda juu, kwa hiyo chagua shina ambalo mengi yameshachanua. Usidanganywe kwamba matumba ya nchani yatafunguka Jumamosi. Mengi hudondoka yakiwa bado yamefumba.

Hatua ya 2: kunywesha. Kata sentimita 2 au 3 za mwisho wa shina, kimshazari, kwa kisu kikali, kisha tia kwenye maji ya uvuguvugu. Dendrobium zilizonywea kwa safari zilaze nzima, na maua yake, ndani ya beseni la maji hayohayo kwa dakika 10 hadi 15. Zikung'ute taratibu.

Hatua ya 3: kulaza usiku. Hapa ndipo nilipolia. Mwaka wangu wa kwanza niliziweka kwenye friji ya nyumbani, na droo ya chini ilikuwa na maembe. Asubuhi petali zilikuwa zinaangaza kama karatasi iliyolowa mafuta. Nikakimbilia waridi, na mama wa bi harusi hajanisahau mpaka leo. Friji ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, wakati okidi hizi za nchi za joto zikihifadhiwa kwenye ubaridi hutaka nyuzi 10 hadi 13. Na maembe, ndizi au parachichi yakiiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo hulizeesha ua kabla ya siku zake. Siku hizi nazilaza chumbani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa lakini hakizipulizi moja kwa moja, mbali na jikoni.

Hatua ya 4: waya. Kata maua 7 au 9 ya Phalaenopsis, kila moja na kikonyo chake. Chukua waya mwembamba, uzungushie tepu ya maua kwanza ili usichane petali, ukunje kama pini ya nywele. Pitisha mkunjo juu ya koo la ua, nyuma ya ulimi (ile petali ya katikati chini, yenye umbo tofauti), miguu miwili ya waya ishuke kwa nyuma, kisha ifunge pamoja na kikonyo kwa tepu. Usiguse kile kinundu cha katikati. Kina kofia ndogo inayofunika chavua, na ikibanduka ua huanza kunyauka mapema. Kazi hii ifanye umekaa, bila haraka. Mimi humpa msaidizi simu yangu.

Hatua ya 5: kufunga. Anza na Dendrobium, ndefu zikielekea chini, fupi zikirudi juu kuziba mkono. Phalaenopsis zifuate, kubwa karibu na mshiko, ndogo mkiani. Acha nafasi kati ya ua na ua. Wanakamati hupenda shada "lijae", lakini okidi iliyosongamana haionyeshi umbo lake. Majani ya kangaga matatu yanatosha.

Hatua ya 6: siku yenyewe. Libebe ndani ya boksi, kwenye kiti cha gari, si kwenye buti. Bi harusi apulize marashi na dawa ya nywele kabla ya kulishika. Ukumbini lisiwekwe kwenye meza ya matunda, hata kama mpiga picha anasema pale pana mwanga mzuri.

Ua moja la Dendrobium libaki kwa koti la bwana harusi. Likikatika, na hukatika akikumbatiwa, uwe na la akiba mfukoni.