Pumua taratibu, lakini vidonge vya presha endelea navyo
Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya na Makete hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Pamoja na dawa za kliniki, kupumua taratibu husaidia kuishusha kidogo. Mazoezi ya namna hii yametoka kwenye yoga na tafakuri za Mashariki. Mwanabiolojia Jon Kabat-Zinn aliingiza tafakuri ya Kibudha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979.

Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage sakafu, kiganja kimoja tumboni. Vuta hewa puani kwa sekunde 4, tumbo lisukume kiganja. Itoe kwa sekunde 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 10 hadi 15, kila siku. Kichwa kikizunguka au vidole vikifa ganzi, unavuta hewa nyingi mno na kabonidayoksaidi imepungua kwenye damu. Vuta kidogo, mwendo ule ule.

Na jiko la mkaa litoke nje kwanza! Kwenye chumba kilichofungwa, kizunguzungu hicho huenda ni sumu ya moshi wake. Presha ikishuka, usijipunguzie vidonge. Peleka daftari la vipimo kliniki.