Taa zote zimewaka: pima nyaya mbili kabla ya kununua boksi

Gari ikija na taa ya injini, ya ABS na ya usukani zimewaka pamoja, na mshale wa spidi umelala, usidhani vyote vimekufa siku moja. Kompyuta zake, zinazozungumza kwa nyaya mbili, zimeacha kusikilizana. Hapa Unguja, kwa chumvi ya bahari na mvua za masika, mimi huanza kushuku waya na soketi, boksi (kompyuta yenyewe) baadaye.

Hatua ya 1. Pima betri. Nzima husoma karibu volti 12.6 gari ikiwa imezimwa. Iliyochoka huzua kodi (namba za hitilafu) za uongo.

Hatua ya 2. Chomeka mashine ya kusoma kodi kwenye soketi iliyo chini ya usukani, andika kodi zinazoanza na U. U0100 ni kompyuta ya injini haisikiki. U0121 ni ya ABS. Anayelalamikiwa na wenzake wote, kamkague kwanza fyuzi na waya wake wa bodi (unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari).

Hatua ya 3. Hapa usikimbilie. Toa waya wa hasi kwenye betri, subiri dakika chache, weka mita kwenye omu, shika pini 6 na 14 za soketi ileile; ndizo nyaya mbili za mtandao wa kompyuta. Gari nyingi husoma 60, maana kila mwisho wa mtandao una rizista (kipingamizi cha umeme) ya omu 120. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na 0, nyaya zimegusana: chomoa boksi mojamoja huku ukitazama mita. Namba ikipanda ghafla, umefika kwa mkosaji, ama yeye ama waya wake.

Hatua ya 4. Rudisha betri, washa swichi. Pini 6 hadi bodi husoma juu kidogo ya volti 2.5, pini 14 chini yake kidogo. Ukiona 0 au 12, waya umegusa pasipo pake.

Hatua ya 5. Funua kapeti ya mbele. Gari moja ya Nungwi ilikwishauziwa boksi mbili. Chini ya kapeti nikakuta kiungo kimegeuka kijani. Iliniuma, kwani mwenyewe alikopa. Kata hadi shaba ing'are, chomelea kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto, kisha sokota nyaya upya kama zilivyokuwa. Msokoto ndio unaozuia kelele za umeme. Tepu tupu haitoshi.

Futa kodi, ipitishe gari kwenye mashimo, usome tena.